Kufunga Bila Kuhifadhi

Katika kazi ya steshenari hakuna kitu ambacho kingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilikuwa nasema kwa sauti ili hata mshona viatu wa nje ya mlango wangu pale Mkuyuni asikie. Nimechapa barua ya mtu anayemwacha mke, na kesho yake nikachapa barua ya mke huyo huyo kwa mzee wa kanisa. Nimechapa tasnifu ya chuo kikuu bila kuelewa sentensi hata moja, na mwenye nayo akafaulu. Mimi ni darasa la saba. Walimu wamekaa mbele ya meza yangu wakiniuliza herufi kubwa inakaa wapi.

Nimefunga steshenari yangu mwezi uliopita. Vijana wa steshenari za jirani wamenitaka niandike nilivyofanya kazi, kwa kuwa wanasikia sifa zangu kila siku, na mwenye kuwasimulia ni mimi. Vyeo sina vya kueleza. Nilijipandisha mwenyewe siku niliyonunua meza. Nitaandika mengine, na moja katika hayo sijawahi kulisimulia barabarani.

Nilianza Mabatini, kwenye chumba cha Mzee Bwire, Mjita mmoja mrefu aliyekuwa na taipureta mbili na mashine ya kudurufu iliyokula wino kama ng'ombe anavyokunywa maji kiangazi. Mimi nilikuwa mfagiaji. Siku ya kwanza nilipanga karatasi za kaboni kichwa chini, na karani aliyekuwa anachapa barua ya nakala nne akapata barua moja na nakala tatu nyeupe. Mzee Bwire hakunipiga. Alinikalisha mbele ya mashine akasema, "Haya, chapa jina lako."

Nikatafuta herufi moja moja. Shija. Ilinichukua muda wa mtu kunywa chai.

"Sasa chapa langu."

Nikachapa Bwile. Kwetu Usukumani l na r huwa hatuzigombanii.

"Huyo Bwile ni nani?" akauliza. "Mimi simjui. Shija, ukikosea mambo mengine mteja atacheka. Ukikosea jina, umemtumia barua mtu asiyekuwepo. Kabla hujagusa kitu kingine kwenye karatasi, jina kwanza."

Miaka sita nilikaa naye. Alinifundisha kusafisha herufi kwa mswaki na mafuta ya taa, kusikiliza kengele ya mwisho wa mstari bila kuangalia, kumwacha mteja anayelia amalize kulia ndipo umuulize marehemu alizaliwa wapi. Nilipoondoka kwenda kufungua kwangu alinipa kiti chake. Nilimwambia nitakirudisha. Sijakirudisha.

Kompyuta zilipoingia, wenzangu wengi wa taipureta walirudi kulima. Mimi nilinunua moja iliyotumika, ikaja na kitabu cha maelekezo kwa lugha ambayo hadi leo sijui ni ya nchi gani. Nilijifunza kwa kubonyeza. Huko ndiko nilikogundua ujanja wangu mkubwa, ule nilioufundisha nusu ya vijana wa Mkuyuni. Kwa nini uchape ratiba ya harusi upya wakati ya wiki iliyopita ipo? Unafungua ile ya zamani. Unabadilisha kichwa cha habari, unabadilisha nyimbo, unabadilisha majina mwishoni, unaprinti. Halafu unafunga. Mashine inakuuliza: uhifadhi mabadiliko? Unajibu hapana. Ya zamani inabaki kama ilivyokuwa, ya mteja mpya iko mkononi mwake, na muda uliotumia ni dakika kumi. Nyie mnaita akili, mimi niliita "kufunga bila kuhifadhi."

Mnaona nilivyogeuza. Mzee Bwire alisema jina kwanza. Mimi niliweka jina mwisho, kwa sababu kichwa cha habari ndicho mteja anachokiona akichungulia begani, na akikiona kimebadilika anatulia.

Kwa muda mrefu kazi ilikuwa hivyo. Kilichoniharibia usingizi si kompyuta, ni simu. Kamati za harusi na za misiba zikaanza kutuma marekebisho kwa simu, mjumbe mmoja yuko Dar, mwingine Bukoba, wa tatu amelewa. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mafaili yanayoitwa Ratiba Mpya, Ratiba Mpya Kabisa, Ratiba ya Mwisho, na Ratiba ya Mwisho Hii Sasa Kweli. Kuna harusi moja tuliprinti nakala mia tatu za ile isiyo ya mwisho. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameandikwa mlezi wa bwana harusi. Alikuja mwenyewe.

Hapo ndipo Leticia aliponiambia tuunganishe. Leticia alikuwa na miaka mitano ya kazi kwangu, mama wa watoto wawili, ana cheti cha chuo na mkono mwepesi kuliko wangu, jambo nililolijua na sikulisema. Alinieleza hivi: ile programu ya kuandikia tuliyoizoea, aliyoiita ya mezani, inaweza kufungwa kamba na ile ya mtandaoni. Faili linakaa sehemu moja huko juu. Sisi tunalifanyia kazi kwenye kompyuta yetu kama kawaida, na ukoo wa mteja wanalifungua kwenye simu zao popote walipo, wanaona lile lile, wanasahihisha pale pale. Hakuna tena ya mwisho na ya mwisho kweli.

"Kila mtu ana jina lake humo," alisema, "na akigusa kitu inaandikwa nani kagusa na saa ngapi. Wewe tukuandikeje, bosi?"

Nikamwambia aandike Boss Shija, Mkurugenzi Mtendaji. Akaandika bila kucheka.

Alitumia siku mbili kuunganisha. Alipomaliza akaniita. "Bosi, kitu kimoja. Humu hakuna kuulizwa uhifadhi au usihifadhi. Ukiandika herufi, imeshahifadhiwa, na watu wameshaiona. Ukitaka kutumia la zamani, tengeneza nakala kwanza. Njoo nikuonyeshe."

"Leti, mimi nimeanza kuchapa wewe hujaota meno."

"Najua, bosi. Ni dakika mbili tu."

"Nimekuelewa," nikasema. Sikwenda hata kusimama nyuma ya kiti chake.

Na kwa kweli mambo yalikwenda vizuri sana, sifa nikazichukua mimi. Nilikuwa nawaonyesha wateja herufi zinavyotokea zenyewe kwenye kioo, mtu yuko Kigoma anaandika. "Nimeunganisha mwenyewe," nilikuwa nasema. Leticia yuko hatua mbili kutoka pale, anafunga vitabu kwa waya.

Kisha watoto wa Mzee Bwire wakaleta kazi. Mzee alikuwa anatimiza miaka themanini, amestaafu zamani, anaishi Pasiansi na bintiye Anastazia ambaye ni mwalimu. Walitaka kumfanyia ibada ya shukrani. Perpetua, dada mkubwa aliyeolewa Musoma, ndiye msimamizi wa kamati, na faili likafunguliwa kwa ukoo mzima: Musoma, Dar, Majita kwa baba zao wadogo. Nilikataa kulipwa. Nilisema huyu ndiye aliyenipa kiti.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, aliingia kijana kutoka Mabatini amefiwa na mama yake. Alitaka ratiba ya mazishi, nakala hamsini, gari linaondoka saa saba. Leticia alikuwa mjini kununua tona ya printa. Nikajisemea, ibada ni ibada. Ya Mzee Bwire ilikuwa imepangwa vizuri kabisa, nyimbo, sala, wasifu, salamu za watoto. Nikaifungua. Kompyuta inayo njia ya kubadilisha neno moja kila mahali kwa mara moja, nami nilikuwa naipenda njia hiyo kama mtoto anavyopenda filimbi. Nikaamuru shukrani zote ziwe mazishi. Zikawa.

Ibada ya Mazishi ya Mzee Bwire.

Kabla sijafika kwenye jina, umeme ukakatika.

Kijana yule alisubiri kidogo, akaangalia saa, akaomba samahani, akakimbilia steshenari yenye jenereta. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Miaka yote umeme ukikatika, ulichoandika kimekufa, na la zamani liko salama. Nilifunga mlango nusu, nikaenda kula sato.

Huko mtandaoni kichwa kile kilikuwa kimeshafika. Perpetua alikuwa amefungua simu yake Musoma asahihishe namba ya wimbo. Akasoma jina la baba yake na neno lile. Kama angeshuka hadi ukurasa wa pili angekuta mahali palipoandikwa "Kukata keki ya mazishi," na labda angejiuliza. Lakini mtu aliyesoma hivyo juu ya baba yake hashuki ukurasa wa pili. Alimpigia mzee, mzee simu yake huizima ili chaji isiishe, kwake simu ni ya kupiga, si ya kupigiwa. Alimpigia Anastazia, Anastazia alikuwa anasimamia mtihani, simu iko kwenye droo ya ofisi. Kimya cha wote wawili akakichukua kuwa ndiyo jibu. Akanipigia mimi mara nne. Niliiona ile namba nisiyoijua inawaka pembeni ya sahani. Nikaigeuza simu kifudifudi.

Umeme ulirudi saa nane. Leticia alikuwa amesharudi, anaweka tona. Simu ikaita tena nikapokea.

"Baba yuko chumba gani cha maiti?" sauti ya mwanamke ilikuwa imekwisha kwa kulia. "Niko njiani kwenye basi. Majita wameshaanza kuchimba. Mbona hamsemi?"

Nikawasha kompyuta huku namsikiliza. Nikaona kichwa cha habari. Niliyarudisha maneno yote haraka haraka, mazishi yakawa shukrani, na mdomo wangu ukasema, sikuutuma: "Dada Perpetua, mzee hajafa. Ni binti wangu wa ofisi, kakosea. Hawa watoto wa vyeti hawana umakini."

Leticia aligeuka akanitazama na tona mkononi.

Sikuwa nimemaliza hata kufikiria nitamwambia nini. Anastazia aliikuta simu yake ina miito thelathini na kitu, akakimbia nyumbani, akamkuta baba yake anamenya viazi vitamu, na saa tisa wote wawili walikuwa mlangoni kwangu. Ndani walikuwemo wateja wawili.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Shija. Nasikia nimekufa." Alikataa kukaa. "Siku nikifa nitakuja mwenyewe nikuletee kazi. Leo nani kakuletea?"

"Mzee, ni huyu binti. Nimemwonya mara ngapi."

Mzee Bwire akamgeukia. "Ni wewe, mama?"

Leticia hakumjibu yeye. Aliniangalia mimi, taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. "Eti, bosi. Ni mimi?"

Vijana wangu, hapo ndipo pa kusimama msome mara mbili. Ilikuwa nafasi, na aliyenipa ni yeye. Nikasema, "Nani mwingine? Mimi haya ya mtandaoni nayajulia wapi? Chukua mkoba wako."

Akauchukua. Alikuwa bado hajavuka mlango, Anastazia aliyekuwa anachezea simu yake akasema kwa sauti ile ile ya kusoma majina darasani: "Hapa kuna historia ya faili. Inaonyesha kila aliyegusa." Akasogeza kidole. "Saa nne na dakika kumi na mbili. Boss Shija, Mkurugenzi Mtendaji."

Mteja mmoja alikohoa. Leticia, aliyekuwa amenipa mgongo, akaenda zake.

"Kichwa cha habari nimekusamehe," Mzee Bwire akaniambia. "Hata mimi nilimpa bwana mmoja wa Magu cheti cha ndoa cha kaka yake. Huyo dada je?"

Nilisema jambo juu ya umeme.

Jumamosi nilikwenda Majita. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa lote, vijana wa kule hawacheleweshi, na wazee walisema shimo lililochimbwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu. Hukatwa mgomba, ukavikwa shuka jeupe, ukazikwa badala yake. Nililipia shuka, mbuzi, na chakula cha wachimbaji. Nilibeba mgomba upande wa miguuni. Mzee Bwire alikaa kivulini mwa nyumba ya mdogo wake anaangalia mazishi yake, amevaa koti.

"Fundi," kijana mmoja mwenye jembe akaniambia, "wasifu wa marehemu uko wapi? Alizaliwa mkungu wa ngapi?"

Watu wakacheka. Mzee mwingine akauliza, "Na huyo binti aliyeua mtu kwa kidole, mbona hukumleta naye abebe?"

Nikajua kwamba hawakuambiwa. Kule bado walikuwa na habari ile niliyompa Perpetua kwenye basi. Anastazia alinieleza baadaye kwamba baba yake ndiye aliyemkataza: "Mwache aseme mwenyewe." Watu kama arobaini walikuwa wamesimama pale, udongo uko mkononi mwangu, na kuna mwanamke aliyekuwa akighani mashairi ya kumlaani huyo binti ili tucheke. Nilicheka. Nilicheka nao, kisha nikatupa udongo wangu.

Mzee Bwire hakucheka. Tulirudi Mwanza gari moja, na pale Nyashimo aliniomba nifunge dirisha, basi.

Nilirudi kazini. Wateja hawakupungua hata mmoja, mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Nilikuwa nafungua faili nasikia herufi zinaonekana mahali fulani na mtu. Nilimpigia Leticia, hakupokea. Perpetua alikuwa amempigia Jumatano ile ile, na maneno aliyomwambia sitayaandika. Juma la tatu nikaenda kwake Mabatini. Alikuwa anafua sare za watoto.

"Shikamoo, bosi," akasema. Hata siku hiyo.

Nikamwomba msamaha. Niliongea vizuri, naongea vizuri siku zote. Alisuuza shati hadi mwisho.

"Ulinisingizia mbele ya nani?"

"Mbele ya mzee. Na Mwalimu Anastazia. Na wateja."

"Na ukoo mzima. Dada Perpetua aliniita muuaji, mwanangu anasikia. Msamaha wa hapa uani, bosi, wameusikia kina nani? Lile faili bado wanalifungua wote. Andika humo. Uandike wewe, kwa jina lako, siyo kumtuma mtu."

Nikamwambia nitafanya. Nikamwambia pia arudi kazini, nitamwongeza. Akaanika shati.

Asubuhi yake nilikaa kwenye kompyuta peke yangu. Niliona kwa pembeni majina ya waliokuwa wamelifungua wakati ule: Perpetua, na mtu wa Dar, na mmoja wa Majita. Walikuwa wanapanga nani ataongoza sala. Nikaenda juu kabisa, juu ya kichwa cha habari, nikaanza. Mimi ninayechapa bila kuangalia vidole niliviangalia. Kila herufi niliyoigusa walikuwa wanaiona. Nilikosea nikafuta, nao wakaona nimefuta. Niliandika: Mimi Shija ndiye niliyeandika kuwa Mzee Bwire amekufa. Leticia hakuwepo. Nilidanganya kwa simu, nikadanganya mbele ya mzee, na Majita nikanyamaza. Mumwombe radhi kama ninavyomwomba mimi.

Wale watu watatu walikaa humo kama wamesimama mlangoni. Kisha jina la Perpetua likasogea, likaandika chini yangu: "Nipe namba yake tena. Nilikuwa nimeifuta."

Leticia alikuja Ijumaa. Nilidhani amekuja kazini, nikaanza kumfutia kiti. Alikuwa amevaa nguo za safari ya mjini. Alisema Perpetua amempigia, wameongea muda mrefu, na kwamba ameona nilichoandika. "Asante," akasema. Kisha akatoa karatasi. Kuna siku kumi na mbili za mapumziko alizofanya kazi mwaka huu bila kuzichukua. Alikuwa ameugawa mshahara wake wa laki tatu kwa siku ishirini na sita za mwezi, akazidisha, ameonyesha hesabu.

"Leti, nitakutumia laki tano. Rudi Jumatatu."

"Tuma zangu, bosi."

"Basi laki mbili, tusivunjevunje."

"Zangu," akasema, "kama zilivyo hapo."

Alisimama hadi simu yake ilipolia, akasoma ujumbe wa pesa nilizotuma, akalinganisha na karatasi, akaikunja. Zilikuwa shilingi 138,461.